Maneno Mawili Chini ya Fomu

Mwanangu Limi,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Asubuhi nimekuona ukila viazi vitatu vya jana ukiwa umesimama, huku mama yako akikugombeza kwamba mtu mzima hatafuni chakula kama mbuzi, kwa hiyo u mzima. Sasa hivi mmekwenda Kahama kununua godoro, na mimi nimefunga duka la dawa mchana kweupe, jambo ambalo watu wa hapa Kagongwa watalijadili mpaka kesho kutwa. Nimekaa nyuma ya kaunta na daftari lako la chuo, lile uliloacha kurasa tupu mwishoni.

Mambo ya safari sina. Simu uiweke wapi ukiwa kwenye basi, umwamkie nani kwanza ukifika, usile nini njiani, hayo mama yako ameanza kuyasema tangu wiki iliyopita na hatayamaliza hata basi likiondoka. Mimi ninalo jambo moja tu, na limenikaa kifuani miaka kumi na minne. Kesho unakwenda kuanza kazi ya maabara kwenye polikliniki ya baba yako mdogo Deusi, huko machimboni Geita. Sitaki uingie mlango ule kabla hujajua dada yako Kabula alikufaje.

Uliambiwa ni taifodi. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na nilijua kwamba si kweli.

Nivumilie nianzie mbali, mayu mwanangu. Ulikuwa mdogo tulipohamia Segese, na nadhani unachokumbuka ni vumbi na kelele za makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Mwenye zahanati alikuwa Mzee Gamaya. Hakusomea udaktari hata siku moja. Alikuwa na makarasha yake, akaona kwamba wanaoleta mawe nao huumwa, akajenga zahanati kando ya barabara. Mimi nilikuwa tabibu mwenye cheti kipya na koti jeupe ambalo mama yako alilipiga pasi ya mkaa kila alfajiri. Watu waliniita dokta na sikuwakataza.

Wiki ya kwanza akaja kijana mmoja mchimbaji, ametoka duarani baada ya kukaa chini ya ardhi siku mbili. Kichwa kinamuuma, mgongo unamuuma. Nikampima, nikampeleka maabara, majibu yakatoka safi. Nikamwambia hana ugonjwa, amechoka, akanywe maji mengi akalale. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake. "Dokta, nimekuja na hela yangu mkononi, wewe unaniambia maji?" Akavuka barabara akaingia zahanati ya upande wa pili. Jioni akapita mbele ya mlango wetu, pamba imebanwa kwa plasta mkononi, mfuko wa dawa unaning'inia, akanipungia kwa furaha kabisa.

Nilicheka siku ile. Mzee Gamaya hakucheka. Aliniita ofisini kwake, akanikaribisha soda, akaniuliza kwa upole ni wagonjwa wangapi leo wametoka mikono mitupu. Hakusema neno zaidi ya hilo. Aliniuliza swali hilo hilo kesho yake, na kesho kutwa, kila siku na soda yake. Ningependa kukuambia kwamba alinitisha, ingekuwa rahisi kwangu. Hakunitisha.

Aliyenifungua macho, au tuseme aliyeyafumba, ni Deusi. Alikuwa mtaalamu wetu wa maabara. Unamjua alivyo, mchangamfu, sauti ya kwaya, alikubeba mabegani siku zote za sikukuu. Akaniambia, kaka, mbona unajisumbua. Ukiona mgonjwa asiyepaswa kutoka mikono mitupu, andika maneno mawili chini ya fomu: *angalia vizuri*. Mengine niachie mimi.

Basi nikawa naandika. Wewe umesomea kazi hii, kwa hiyo sihitaji kukueleza ilivyo rahisi. Kile kipimo cha taifodi cha matone kwenye kigae cheupe, unajua mwenyewe kinavyoweza kusomeka vile msomaji anavyotaka. Mkojo nao haukosi cha kusemwa. Fomu ikirudi kutoka kwenye dirisha la maabara ilikuwa na malaria kidogo, taifodi kidogo, na UTI. Sisi wawili tukayaita mafiga matatu, kwa sababu chungu cha zahanati kilikaa juu yake. "Huyu mpe mafiga," Deusi alikuwa akisema, nasi tunacheka. Kisha mimi naandika dawa: sindano za masaa, vidonge vya aina nne, dripu kama mtu anaonekana ana uwezo. Mgonjwa anaondoka na mfuko, amefurahi, na wengi walipona, maana hawakuwa wanaumwa.

Kinachonichekesha na kuniumiza ni kwamba watu waliyapenda maneno yale. Waliokuwa wanajua kusoma walisoma fomu zao wakiwa kwenye benchi, wakaambizana kwamba yule dokta ana huruma, hatumi mtu maabara hivi hivi, anamwandikia mpimaji aangalie vizuri. Mama mmoja alinirudishia fomu akasema nimesahau kumwandikia na yeye. Nikamwandikia.

Kulikuwa na mzee mmoja mkulima, Mzee Luhende, aliyekuja na mke wake. Mke alikuwa amechoka tu, amezaa watoto tisa na bado analima mpunga. Nilimpa mafiga. Aliporudi hajapata nafuu nikamwandikia UTI sugu, sindano za siku saba. Mara ya tatu yule mzee alikuja kwa miguu, maana baiskeli alikuwa ameiuza, na mtamba wake alikwisha kumuuza kabla ya baiskeli. Nilimpa dawa, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainama, akaniambia wabeja, wabeja sana, kama mtu anavyomshukuru aliyemwokolea mke. Nimewahi kutukanwa katika maisha yangu, hata kupigwa. Hakuna kilichoniuma kama shukrani ile, lakini haikuniuma siku ile. Imeanza kuniuma baadaye.

Sasa dada yako.

Kabula alikuwa na miaka kumi na miwili. Alianza kunywa maji. Ndivyo ilivyoanza, maji tu. Anamaliza kikombe anajaza kingine, na usiku anatoka nje mara nne, mara tano. Anakula kuliko mimi, na huku sketi ya shule inamshuka kiunoni mpaka mama yako akaifunga kwa pini. Mimi nilisema anakua. Mtoto anayekua hula.

Asubuhi moja mama yako aliniita nyuma ya nyumba. Nilikwenda na mswaki mdomoni. Pale Kabula alipokuwa amejisaidia haja ndogo usiku, sisimizi walikuwa wamejaa mpaka ardhi haionekani. Mama yako akasema, "Baba Kabula, hebu tazama. Huu mkojo una sukari au nini?" Alisema kwa utani. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, Limi, na aliutaja ugonjwa kwa jina lake, mbele ya tabibu mwenye cheti. Nikamjibu kwamba sisimizi wako kila mahali. Chuoni nilisoma ukurasa mmoja tu kuhusu kisukari kwa watoto, na kichwani mwangu kilikuwa ni ugonjwa wa wanaume wanene wenye magari.

Alhamisi yake Kabula hakuweza kwenda shule. Nikaenda naye kazini. Benchi lilikuwa limejaa, kulikuwa na mafua na watu walikuwa wametoka mnadani. Nikamtoa damu mwenyewe, nikachukua mkojo kwenye kichupa, nikaandika fomu. Na hapa ndipo ninaposhindwa kujisamehe, kwa sababu sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Nilikuwa baba mwenye hofu. Mkono wangu ukaandika chini ya fomu, kwa moyo wote, kile ambacho baba yeyote angeandika: *angalia vizuri*.

Nilikuwa nimeyaandika mara nyingi mno kiasi kwamba sikuona kuwa hayakuwa tena maneno. Nikapitisha fomu na vichupa kwenye lile dirisha dogo. Deusi ndani hawaoni wagonjwa, anaona karatasi, na juu ya karatasi nilikuwa nimeandika jina moja tu. Akina Kabula katika Usukuma huu ni wengi kuliko michembe ya viazi. Majibu yakarudi: malaria hakuna, taifodi ipo, UTI ipo. Kile kijiti cha mkojo kina kisanduku cha sukari, unakijua. Sidhani kama alikichovya.

Na mimi nikayaamini. Ungetarajia mtu anayejua jinsi mkate unavyookwa hapo ndani angeuliza. Sikuuliza. Anakojoa sana, karatasi inasema UTI, ikakubaliana vizuri kabisa. Nikamchoma sindano, kisha nikaona amelegea, nikamtundikia dripu ya glukosi apate nguvu. Nilimtundikia mwenyewe. Nikamfunika na koti langu, nikarudi kwenye benchi kuhudumia watu.

Jioni alikuwa anapumua kwa kina, kama mtu aliyekimbia, na mdomo wake ulinukia kama mapera yaliyoiva kupita kiasi. Nikatundika dripu ya pili. Alfajiri tukakodi gari kwenda hospitali kubwa. Daktari wa pale alikuwa mwanamke kijana, hakupoteza muda, akamtoboa kidole akaweka tone kwenye kipimo cha sukari. Kipimo kikashindwa kutoa namba. Sukari ilikuwa juu kuliko kinavyoweza kusoma. Akaniuliza bila kunitazama, nani aliyemwekea huyu mtoto dripu ya glukosi. Nikasema zahanati moja huko Segese.

Kabula alikufa kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu sehemu nyingine zote zilikuwa na watu wanaohangaika.

Nilipotoka nje mama yako alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, na wewe umelala mapajani mwake. Akaniuliza, "Wamesema ni nini?" Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pumzi moja tu. Nikasema taifodi. Akaniuliza inatoka wapi. Nikasema kwenye maji.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, na si kwa sababu ya Deusi peke yake. Unajua mama yako na maji. Mmekuwa mkimcheka, wewe na majirani, kwamba anachemsha hata maji ya kuoshea mboga. Unajua siku ile aliposimama kanisani mbele ya akina mama, akasema alimchotea mtoto wake maji ya lambo bila kuyachemsha, na anamwomba Mungu msamaha. Nilikuwa nimekaa upande wa wanaume. Nikasikia kila neno. Watu walinipa pole kwa kuwa na mke mwenye moyo wa toba, nikapokea pole hizo. Miaka kumi na minne amekuwa akiomba msamaha wa kosa langu, mekoni, kila siku, kabla hajapika uji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi kifo kilikuja, kikaondoka, na bado sijaumbuka. Nimeendelea kula na kunenepa.

Deusi alikuja msibani. Alisubiri watu wapungue, akanivuta nyuma ya turubai. Akaniambia hivi, neno kwa neno: "Kaka, nilidhani ni yale ya kawaida." Sikumpiga. Sikulia. Nilimwambia najua. Na ni kweli nilijua, kwa sababu lugha ile tuliitunga pamoja. Hatujawahi kulizungumza tena. Kila Krismasi analeta gunia la mchele, mama yako anamwombea baraka.

Utadhani niliacha kazi kesho yake. Nilikaa Segese miaka miwili zaidi. Siku niliyorudi kutoka matangani, mgonjwa wa kwanza alikuwa dereva wa lori mwenye mafua. Nilishika kalamu, nikasita, labda kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikamwandikia maneno yale yale. Nataka ulijue hilo kuliko yote, usije ukafikiri uchungu humfundisha mtu kwa lazima. Mimi uchungu ulinikuta darasani nikakataa kusoma.

Wiki iliyopita nilimpigia Deusi simu. Nilijidai naulizia chumba chako. Akasema kipo, kina feni, kina maji ndani, na wewe ni mtoto wake, hutapata shida. Nikazunguka zunguka, mwishoni nikamuuliza kama bado wanaandika yale maneno. Akacheka kwa ile sauti yake ya kwaya. "Hatuhitaji maneno tena, kaka. Siku hizi kila anayeingia anaangaliwa vizuri." Akaniambia wana kompyuta, wana mashine mpya, mgonjwa akishafika mapokezi vipimo vyote vimekwisha kuandikwa, na majibu hayakosekani. Akaniambia anahitaji mtu wa kuweka sahihi, mtu wa damu yake, anayemwamini. Tangu siku ile nikilala naona mkono wako ukiandika jina lako chini ya karatasi.

Sikukatazi kwenda. Nimekaa hapa mchana kutwa nikitafuta ujasiri wa kukukataza, na nimeona sina haki. Umekaa nyumbani mwaka mzima na cheti chako, umeomba kazi mpaka viatu vimeisha soli, na mimi sina kazi nyingine ya kukupa zaidi ya kuuza dawa za kikohozi hapa dukani. Mwenyewe bado si msafi. Juzi tu mtu amekuja anataka nusu dozi kwa sababu uwezo wake uliishia hapo, nikamkatia, nikijua nusu dozi si dawa.

Ninachoweza kukuambia ni jinsi ubaya unavyokuja, maana mimi nilikuwa nautazamia uje kwa mlango mwingine. Nilidhani siku nitakapotakiwa kufanya ubaya nitamwona mtu mbaya. Hakuna atakayekuambia udanganye, Limi. Deusi atakuita mwanangu, na atakuwa anamaanisha. Atakuonea huruma ukichoka. Wagonjwa wenyewe watakuomba, watakasirika ukiwapa karatasi tupu, na watakuletea kuku ukiwapa karatasi iliyojaa. Utaona wengine wote wanafanya, wana watoto, wanasali. Halafu siku moja utahitaji kusema kweli, kwa ajili ya mtu unayempenda, na utakuta maneno yote ya kweli umekwisha kuyatumia kwa kazi nyingine.

Ukiona kitu kwenye darubini, andika ulichokiona. Usipoona, andika hakuna. Ukifukuzwa, rudi, viazi vipo. Na ukiona huwezi hata kupanda basi kesho baada ya kusoma haya, usipande, nami nitamweleza Deusi mwenyewe kwa nini.

Sasa ni saa tisa na dakika zake, mtarudi wakati wowote na hilo godoro. Nimefikiri sana barua hii niifanyeje. Nimeamua nitampa mama yako aisome kwanza, leo hii, kabla hajabandika maji ya jioni. Kama umeipokea kutoka mkononi mwake, basi safari hii nimeweza, na lolote atakalonifanyia usiniombee.

Lakini najijua, mayu. Kama umeikuta ndani ya begi, katikati ya nguo zako, na tayari uko Geita, basi nimemwogopa tena. Usinipigie mimi simu. Mpigie yeye, hapo hapo ulipo, kabla hujavaa koti la maabara. Mwambie maji yake yalikuwa safi.

Baba yenu.